Ngurumo ya kwanza ndiyo saa ya kuchomoa plagi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani hapa Kiborloni, Moshi. Jumanne iliyopita jua lilikuwa kali tangu asubuhi, nasi tulikuwa kibarazani tunashona sare za shule. Saa nane na kitu upepo ukabeba vitambaa, mvua ikamwagika, na kabla hatujamaliza kuingiza mzigo radi ikapiga mgrevilia ulio ng'ambo ya barabara. Cherehani yangu ya umeme ikatoa cheche, ikafa. Binti ninayemfundisha kazi alikuwa ameshika gurudumu lake. Akarushwa, akaanguka, miguu ikafa ganzi karibu saa nzima. Watu wakakataza asiguswe, eti bado ana umeme. Jirani akakimbilia kufunika kioo changu cha kupimia nguo, mwingine akasema kosa ni masweta mekundu niliyoyatundika. Naomba unieleze: mvua kama ile inatokaje kwenye jua? Kweli ni kioo na masweta? Na nifanyeje siku nyingine, maana siwezi kufunga kazi kila nikiona wingu. (Fundi, Kiborloni)

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana, wewe na binti. Maswali yako yote nitayajibu, ila sitaanza na wingu. Naanza na binti. Cherehani inaweza kusubiri.

Hukusema kama alifika hospitali. Kama hakufika, mpeleke, hata kama leo anacheka na ugali anamaliza. Mawenzi mnaijua, KCMC mnaijua. Mkifika, neno la kwanza liwe "radi", daktari asije akadhani ni ganzi ya kukalia mguu vibaya. Wampime moyo, wamwangalie ngoma za masikio, maana kishindo cha radi ya karibu hupasua ngoma ya sikio, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa akidhani ni mlio tu utakaoisha. Macho nayo yaangaliwe, na usiyasahau baadaye. Mtu aliyepigwa na radi anaweza kuota mtoto wa jicho wiki au hata miezi kadhaa baada ya tukio, wakati kila mtu ameshasahau. Akianza kukuambia uzi haupiti kwenye tundu la sindano kwa sababu anaona ukungu, usimwambie ana haraka. Mrudishe. Na akiwa msahaulifu, akikosa usingizi, akilalamika kichwa, usimwite mvivu: hayo nayo ni ya radi.

Ile ganzi ya miguu inajulikana. Radi huifanya mishipa ya damu ijibane kwa muda, miguu inapoa, inapauka, inakosa nguvu kama si yako, halafu baada ya dakika kadhaa au saa chache inarudi. Kwa hiyo kupona kwake haraka ni jambo la kawaida. Hakukuthibitisha kwamba hakuumia kwingine.

Sasa hili la "msimguse". Mama, hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu ni uongo unaoua watu wazima na watoto. Mwili wa mtu si betri. Radi ikishapita imepita, kwa kipande kidogo sana cha sekunde, na hakuna umeme unaobaki ndani yake ukingoja kumrukia mwingine. Unaweza kumshika papo hapo. Hali pekee ya kujizuia ni pale waya wa TANESCO ulipokatika na kumwangukia au kulala karibu naye. Huo una umeme wa nguzo, usiusogelee mpaka wenyewe waje wauzime.

Kinachoua kwenye radi mara nyingi ni moyo na pumzi kusimama. Mtu analala kama amekufa, hapumui, na watu wanaanza kulia badala ya kufanya kazi. Kumbe huyo ndiye wa kuwahi. Mlaze chali, weka kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, usukume chini kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni karibu mara mbili kila sekunde, mwendo wa mguu wa fundi anayeharakisha pindo siku ya mkesha wa sikukuu. Mwenzako apige simu na kutafuta gari. Msiache mpaka apumue au mfike kwa daktari. Na kama radi imeangusha watu watano, anza na aliyenyamaza. Anayepiga kelele tayari anapumua.

Haya, sasa wingu.

Nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka mingi, na kazi hiyo ukiivua vyeo inabaki kuwa kutoka nje kila saa, mchana na usiku, ukatazame juu na uandike. Ukiifanya hivyo chini ya mlima huu unaanza kuuona kama jiko. Asubuhi saa moja au mbili Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ipo wazi, nyeupe, watalii wanapiga picha. Jua likishaupiga mteremko, hewa inayogusa ardhi kule inapata joto kuliko hewa ya kimo kilekile iliyo wazi juu ya tambarare. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo inaanza kupanda mteremko, na pengo lake linajazwa na hewa inayotoka huku chini, Kahe, Arusha Chini, Himo. Hewa hiyo imebeba unyevu uliotoka Bahari ya Hindi. Kufika saa tano unaona vipamba vidogo juu ya msitu. Saa sita vimeshikana. Saa saba mlima umejifunika, na mgeni anauliza Kilimanjaro iko upande gani.

Siku nyingi mambo yanaishia hapo. Lakini kwenye masika, Machi hadi Mei, na kwenye vuli ya mwisho wa mwaka, hewa ina maji mengi na huko juu hakuna cha kulizuia wingu lisiendelee. Mvuke unapogeuka kuwa matone unaachia joto, lile joto lililotumika kuuvukiza kule baharini. Joto hilo linaisukuma hewa juu zaidi, mvuke zaidi unageuka matone, joto zaidi linaachiwa. Wingu linajilisha lenyewe. Ndani yake hewa inaweza kupanda mita 10 kwa sekunde na zaidi. Piga hesabu: dakika kumi, kilomita 6. Kilele chake huvuka kilomita 12 kutoka usawa wa bahari, yaani mara mbili ya Kibo na zaidi, kwani Kibo ni mita 5,895 tu. Kutoka pamba isiyo na madhara hadi radi ya kwanza panaweza kupita nusu saa. Wewe muda huo umeinamia sindano, bati la kibaraza liko juu ya macho yako, na mlima uko nyuma ya ukuta. Ungeuonaje?

Na radi yenyewe inatengenezwa na barafu. Watu wa Moshi wakiungua na jua hawaniamini, lakini wao hasa ndio wangepaswa kuamini, maana barafu wanaiona kila asubuhi kule Kibo. Baridi hiyohiyo ipo juu ya Kiborloni, ila hakuna mlima wa kuishikilia. Wingu likivuka kimo hicho, ndani yake panakuwa na vipande laini vya mawe ya mvua vinavyoanguka na chembe nyepesi za barafu zinazopaa. Zinapogongana zinaachiana chaji, kama kitambaa cha nailoni kinavyokung'ang'ania unapokivua. Vipande vizito vinashuka na chaji hasi, chembe nyepesi zinapanda na chaji chanya. Tofauti inapokuwa kubwa kupita uwezo wa hewa kuizuia, hewa inapasuka. Mwanga ni umeme, na sauti ni hewa iliyopashwa hadi nyuzi 30,000 za Selsiasi hivi, mara tano ya uso wa jua, ikafutuka kwa nguvu. (Wazee walioliita lile jambo la angani "umeme" hawakujua kwamba siku moja tutalipia jina hilo kwa tokeni za Luku.)

Nenda ukautazame ule mgrevilia. Pengine utakuta gome limechanika kama mfereji kutoka juu hadi chini. Maji yaliyokuwa ndani ya mti yamechemka kwa mara moja, yakalirusha gome. Hakuna shoka linalochana hivyo.

Ule upepo uliobeba vitambaa vyako nao ulikuwa na habari yake. Mvua inapoanza kuanguka ndani ya wingu inaburuta hewa baridi. Hewa hiyo ni nzito, inagonga ardhi na kutawanyika pande zote, mbele ya mvua yenyewe. Ukiwa umekaa kwenye joto la saa nane halafu shavu lako likapigwa na ubaridi wenye harufu ya udongo uliolowa, mvua imeshaanza mahali, na inakuja. Ubaridi huo ukiteremka mtaani huweza kuinyanyua hewa ya joto iliyo mbele yake na kuzaa wingu jingine. Ndiyo maana Kibosho wanaweza kulowa, nanyi mkapigwa saa moja baadaye, na kule kwenye mashamba ya miwa Arusha Chini wakabaki na vumbi lao.

Hapo nataka niwatetee kidogo wenzangu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila mtu anacheka ile sentensi ya jioni: "vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua." Wanasema mtabiri amejiwekea kila kitu asikosee. Ukweli ni kwamba sentensi hiyo inaisimulia Jumanne yako neno kwa neno. Vipindi vya jua uliviona. Ngurumo uliisikia. Na eneo mojawapo kati ya hayo machache lilikuwa kibarazani kwako. Hakuna mtabiri duniani atakayekuambia jioni kwamba kesho saa nane na dakika kumi radi itapiga mgrevilia wa Kiborloni. Anachoweza kukupa ni aina ya siku. Ukisikia neno "ngurumo" kwenye utabiri, siku hiyo panga kazi yako ukijua kwamba mchana unaweza kukatika.

Umesema huwezi kufunga kazi kila ukiona wingu. Nakubaliana nawe kabisa, ungekufa njaa kabla ya Aprili kuisha. Usifunge kwa sababu ya wingu. Funga kwa sababu ya ngurumo.

Kwenye daftari la mpimaji, mvua ya radi haianzi tone la kwanza linapodondoka. Inaanza ngurumo ya kwanza inaposikika kituoni, hata kama jua linawaka na hakuna mmweko ulioonekana. Nilipoanza kazi nilidhani ni utaratibu wa makaratasi tu. Baadaye nikaelewa. Ngurumo haisikiki mbali sana, kilomita 15 hivi, na mtaani kwenye pikipiki na muziki wa maduka ni pungufu ya hapo. Radi nayo inaweza kutoka pembeni mwa wingu na kupiga kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha. Weka hizo namba mbili pamoja: ukiisikia, uko tayari ndani ya eneo lake. Sisi huku tumezoea kungoja tone. Tone ndilo linalotufanya tuanue nguo, tukusanye mahindi, tuingize mzigo. Kwa nguo ni sawa. Kwa uhai umechelewa, tena kwa dakika nyingi.

Na kuna jambo linalowahusu ninyi wa chini ya mabati hasa. Mvua ikishaanza kupiga bati husikii kitu. Mtu anakutukana kwa mbali unadhani anakusalimia. Ngurumo za kilomita 5 zinamezwa na kelele ya bati, wewe unadhani radi ipo mbali kwa sababu huisikii, kumbe ni masikio yako yaliyozibwa. Kwa hiyo ile ya kwanza, iliyokuja jua likiwaka, ndiyo pekee utakayoisikia vizuri. Ninavyokisia, Jumanne ilikuwapo. Muulize muuza matunda aliye nje, au dereva wa bodaboda pale kijiweni. Atakuambia, "Mbona ilinguruma muda?"

Ukitaka kujua umbali, anza kuhesabu sekunde ukiona mmweko mpaka usikie sauti, kisha gawa kwa tatu. Sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, muda wa kuhesabu umekwisha, ingia. Kutoka nje, ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si baada ya tone la mwisho. Hapa watu wengi hukosea: mvua inakatika, jua linachomoza, watoto wanakimbilia madimbwini, na wingu bado lipo juu ya Old Moshi likiwa na chaji yake mkiani. Jumla yake, kwa mvua ya kawaida ya mchana, ni kama saa moja ya kazi. Najua saa moja kwa fundi ni gauni zima. Motor ya cherehani ni magauni mangapi?

Kuingia wapi, ndilo swali gumu zaidi kwa mtaa wako. Kibaraza si ndani. Bati lililokaa juu ya nguzo za mbao linakuzuia usilowe, basi. Radi ikilipiga, au ikipiga mti jirani, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, na kwenye nguzo ya mbao njia rahisi inaweza kuwa wewe uliyeiegemea. Lakini wengi hawapigwi moja kwa moja. Wanapigwa na umeme unaosambaa ardhini kutoka pale radi ilipotua. Ardhi iliyo karibu na mti inakuwa na nguvu kubwa, ya mbali kidogo inakuwa na ndogo, na mtu aliyetanua miguu anaziunganisha hizo mbili. Ng'ombe ndio mfano mbaya zaidi, miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, mkondo unapita tumboni na kifuani. Ndiyo maana unasikia ng'ombe kadhaa wamekufa pamoja chini ya mti mmoja, na watu wanaanza kutafuta mchawi kijijini.

Jengo zuri ni lile lenye kuta imara, nyaya za umeme ndani ya kuta na mabomba, kwa sababu vitu hivyo vinaupa umeme njia ya kwenda ardhini bila kupitia kwa watu. Hapo nisikufiche: bati juu ya tofali mbichi au mbao, bila waya wala bomba, halihesabiki. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda. Machi 2018 iliua watu 16 waliokuwa kanisani wilayani Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024, tena Uganda, kambi ya wakimbizi ya Palabek, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Wote walikuwa chini ya paa.

Kama duka la jirani ni jengo la tofali lenye umeme, ongea naye mapema, siku ya jua, kwamba ikinguruma mtaingia kwake na mzigo wenu. Mkiwa ndani kaeni kwenye viti katikati ya chumba, miguu pamoja, mbali na nondo za dirisha, geti la chuma na ukuta wenye soketi. Msioshe vyombo wala kuoga. Gari lililofungwa vioo lenye bodi ya bati ni kimbilio zuri kabisa, hata Hiace mbovu ya daladala, kwa sababu umeme unapita kwenye bodi nje yenu na kushuka chini. Watu wanasema ni matairi ya mpira. Umeme uliovuka kilomita za hewa hauogopi sentimita chache za mpira. Ni bodi. Kwa hiyo bajaji yenye turubai haimo, na bodaboda ndiyo kabisa, dereva akipaki chini ya mti amejichagulia mahali pabaya kuliko pote.

Kioo na masweta. Radi haioni rangi wala haijitazami kwenye kioo. Kinachoivuta ni kimo, kuchongoka na kuwa peke yako: mti mrefu, mnara, mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Mgrevilia ulikuwa kitu kirefu kuliko vyote pale, ukapigwa. Bibi yangu naye alikuwa anafunika kioo, na sikuwahi kubishana naye, maana aliyekwenda kufunika kioo angalau alikuwa ameingia ndani. Lakini jirani yako alikaa kibarazani akihangaika na shuka huku binti yupo sakafuni. Simu ya mkononi nayo haiiti radi, hata mkiitumia kuzungumza. Simu iliyo kwenye chaja, chaja ikiwa ukutani, hiyo ni waya wa umeme mkononi mwako. Ichomoe mapema au iache hapo hapo.

Tukija kwenye cherehani, kuna njia mbili za kilichotokea. Radi ilipopiga mti ilisukuma mkondo ardhini uliopanda kupitia sakafu iliyolowa na chuma cha cherehani. Au ilizichochea nyaya za nguzoni zikaleta wimbi la umeme hadi kwenye soketi, na kutoka hapo kwenye motor. Kwa vyovyote, binti aliyeshika gurudumu la chuma lililounganishwa na ukuta alikuwa mahali pabaya.

Kuzima swichi hakutoshi. Ndani ya swichi pengo ni la milimita chache tu, na huo umeme umetoka mawinguni. Chomoa plagi, ya cherehani, ya ovaloki, ya pasi, ya redio, na waya wa antena ya king'amuzi kama unacho. Ile ekstensheni yenye vitu vitano, chomoa kichwa chake ukutani, umalize kazi kwa mara moja. Lakini fanya hivyo kwenye ngurumo ya kwanza, ya mbali. Radi ikiwa inapiga juu yenu, plagi usiiguse, mkono wako ni wa thamani zaidi. Na umeme ukikatika usichomeke mara tu taa ziwakapo. Ngoja dakika kumi hivi zitulie, kwani mashine nyingi zinazoponea radi hufia hapo, umeme unaporudi kwa kuruka.

Vile vifaa vya kulinda friji na televisheni vinavyouzwa madukani vinasaidia kwa mawimbi madogo. Radi ya ng'ambo ya barabara itavipita. Tena vinahitaji ethi ya kweli, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini. Nimeona nyumba nyingi ambazo ethi ni kipande kifupi cha nondo kilichosimikwa kwenye kifusi kikavu, ili mradi fundi aonyeshe kipo. Mwombe mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EWURA aipime kwa kifaa, asiangalie kwa macho.

Neno moja la barabarani, kwa sababu mvua kama ile huisha jioni watu wakirudi nyumbani. Maji ya Rau, Karanga na makorongo yote yanayoshuka mlimani huja baada ya mvua, na yanaweza kuja hata kama kwenu haikunyesha, maana yamenyesha juu. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, humwangusha mtu mzima, 30 huanza kubeba gari dogo. Aprili 2024 pale Arusha basi dogo la shule lilisombwa hivyo, watoto wakafa. Binti yako akikuta kivuko kimefunikwa, alale kwako.

Na cherehani usiichomeke "tuone kama itawaka". Mpe fundi wa mashine aifungue kwanza, anuse motor, apime kikanyagio, maana waya ulioungua ndani unaweza kuupeleka umeme kwenye chuma unachokishika. Kama ni motor tu, mwili wa mashine hauna neno: sindano, meno na gurudumu ni vilevile, unafunga motor nyingine. Mafundi wengi wa rika lako bado wana meza ya cherehani ya kukanyaga kwa miguu stoo. Kama unayo, funga mkanda urudi kwenye miguu mpaka masika yaishe, na sare za shule uzimalize ndani kwa jirani yako, hata umeme ukikatika.